Oili ya Difu Isisahauliwe

Nyuma ya ofisi nyingi za wilaya yako magari ya umma yaliyowekwa juu ya mawe. Baadhi yake injini bado ni nzima kabisa. Kilichoyaangusha ni difu au giaboksi iliyosagika kwa kukosa oili safi. Huo si uchakavu, ni taksiri, nasi hatuna budi kulisema waziwazi.

Madereva wetu wamezoea kubadili oili ya injini, na hilo ni jema. Lakini gari livutalo kwa magurudumu yote manne aghalabu lina oili mahali pengine panne: katika giaboksi, katika transfa igawayo nguvu mbele na nyuma, katika difu ya mbele na katika difu ya nyuma. Oili hiyo haigeuki nyeusi upesi kama ya injini, ndiyo maana husahauliwa. Hata hivyo huchoka kwa joto, hujaa unga wa chuma utokao katika meno ya gia, na huingiwa na maji. Difu iliyopata moto ikitumbukia mtoni, hewa iliyomo hupoa na kunywea ghafla, ikavuta maji kupitia sili zilizochakaa au kijibomba cha kupumulia. Oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, na beringi zikaanza kuliwa na kutu.

Vitabu vya magari mengi ya kazi hutaja kilomita 40,000 hivi kwa safari za kawaida, na hupunguza kiwango hicho kwa kazi ngumu. Kwa gari lipitalo mabonde ya Rufiji na Kilombero wakati wa masika, kungoja kilomita za barabara kavu ni kujidanganya.

Kazi yenyewe si kubwa. Fundi mwangalifu hufungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Kwani akiimwaga oili kisha nati ya juu ikagoma, gari halitaondoka hapo. Huimwaga ingali na uvuguvugu, hufuta unga ulionaswa na sumaku ya nati, kisha hujaza mpaka oili ichuruzike tunduni. Wala hachukui oili yoyote aikutayo dukani: ile ya daraja la GL-5 ifaayo difu yaweza kudhuru pete za shaba za giaboksi iliyoandikiwa GL-4. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

Tunazisikia sauti zisemazo kwamba fungu la matengenezo halitoshi. Hatulikatai hilo. Lakini bei ya lita chache za oili haikaribii bei ya difu mpya. Tena hasara kubwa haimo katika ankara. Humwangukia mama aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya mto, asifikiwe na gari la wagonjwa.

Kwa hiyo tunashauri kila gari la umma liwe na ukurasa wa oili hizi katika daftari lake, dereva na fundi watie sahihi, na mkuu aidhinishaye safari ausome kabla ya kuidhinisha. Dereva asilaumiwe peke yake, maana siye ashikaye mfuko. Gari la umma ni amana, na mdharau mwiba mguu huota tende.