Maarifa ya Nyumbani: Simu Inayowaka na Kuzima Bila Kukoma

Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, simu ya mkononi ndiyo sanduku la barua, ndiyo kitabu cha picha, na ndiyo mkoba wa fedha. Kwa jamaa ya askari aliye kazini mbali, kama vile Somalia ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda mwaka 2007, huenda sauti ya baba na picha za watoto zimehifadhiwa humo tu. Basi simu inapoonyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikawaka tena na kurudi kwenye nembo ile ile, wenye nyumba huingiwa na wasiwasi. Wasiwasi huo ndio uletao hasara. Mtu hubonyeza lo lote aonalo, au hukimbilia kwa fundi wa kwanza sokoni, na yote yaliyokuwamo hufutwa.

Yafaa ieleweke kwamba simu ya namna hiyo haijafa. Kila iwashwapo hupanga programu zake moja baada ya nyingine, na ikikuta kasoro njiani huanza upya. Kanuni ya kuitengeneza ni moja: kuanza na lile lisilopoteza kitu, na kuacha kufuta kuwe jambo la mwisho.

Kwanza ni umeme. Gridi ya taifa iliifikia Arua mwaka 2024, lakini zipo nyumba nyingi ambazo bado huchaji simu kwa sola au kwenye vibanda. Chaja duni au betri iliyochoka huweza kutoa umeme wa kuonyesha nembo tu, usiotosha kuiwasha simu yote. Ichajiwe kwa chaja nyingine nzuri kwa muda wa nusu saa au zaidi. Lakini betri ikiwa imevimba, isichajiwe kamwe wala isitobolewe, kwa maana huweza kushika moto.

Pili, kava livuliwe na kitufe cha kuwashia kikaguliwe, kwani kitufe kilichonasa huizima na kuiwasha simu chenyewe. Kisha laini na kadi ya memori zitolewe, na simu ijaribiwe bila hizo. Ikiwaka vizuri, mojawapo ya kadi hizo ndiyo yenye hitilafu. Fedha za MTN au Airtel hazikai ndani ya simu. Hufuata namba, na laini yaweza kutiwa katika simu nyingine siku hiyo hiyo. Kwa hiyo haja ya fedha isimharakishe mtu kufuta picha zake.

Tatu, kosa laweza kuwa katika programu moja tu. Katika simu nyingi za Android, kubana kitufe cha kupunguza sauti wakati nembo inapoonekana huifungua simu katika hali salama, yaani bila programu zilizoongezwa na mwenyewe. Ikiwaka hivyo, programu iliyotiwa mwisho iondolewe. Hata jambo dogo huweza kuleta balaa hili: mwaka 2020 picha moja ya ziwa wakati wa machweo, ilipowekwa kuwa pambo la kioo, ilizifanya simu kadhaa za Android duniani zijizime na kujiwasha bila kikomo, kwa sababu ya namna rangi zake zilivyoandikwa.

Nne, simu ikishindwa kabisa, pengine huandika maneno mawili ya Kiingereza ya kuchagua. “Try again” maana yake ni kujaribu tena, na halipotezi kitu. “Factory data reset” maana yake ni kufuta kila kilichomo. Baadhi ya simu huonyesha pia “Wipe cache partition”, ambalo hufuta mabaki ya muda tu na huacha picha salama. Maneno haya yasichanganywe.

Ikiwa hapana budi kufuta, kadi ya memori itolewe kwanza. Tena mwenye simu awe na hakika ya akaunti yake ya Google na neno lake la siri. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, simu nyingi za Android huidai akaunti ile ya awali baada ya kufutwa hivyo. Aliyefunguliwa akaunti na muuza duka, asijue neno lake la siri, atabaki na simu iliyofungwa. Na picha zilizofutwa katika simu za sasa hazitarajiwi kurudishwa na fundi.

Hata hivyo, zipo kasoro zisizoponywa kwa kubonyeza. Januari 2016 kampuni ya LG ya Korea Kusini ilikiri kwamba simu zake za G4 zilijiwasha upya kwa sababu ya viungo vilivyolegea ndani. Hiyo ni kazi ya fundi. Apelekewe simu bila laini, asiambiwe namba ya siri ya fedha, na akubali kabla ya kuanza kwamba hatafuta kitu pasipo ruhusa ya mwenyewe.

Lililo bora kuliko yote hufanywa simu ikiwa nzima. Picha zinakiliwe mahali pengine. Akaunti na neno la siri viandikwe na kufungiwa pamoja na hati za nyumba. Namba za jamaa na za kikosi ziandikwe katika daftari. Askari ajiandaaye kwa safari ndefu ayatimize haya pamoja na mkewe kabla ya siku ya kuondoka, ili simu ikiharibika, nyumba ipoteze simu tu.