Miaka ya kubeba boksi kabla ya kushika usukani

Desemba mbili zilizopita shangazi yangu alisimama kwenye jumuiya akatangaza kwamba mwanawe amepata udereva Marekani. Watu walipiga makofi. Haikupita wiki mbili kikundi chake cha vikoba kikamkopesha fedha za kupaua nyumba. Januari binamu yangu alirudi ghalani kubeba boksi kama zamani, na hilo shangazi hakulitangaza.

Binamu hakuwa amedanganya. Kampuni za vifurushi kule hufurika mizigo kuanzia Oktoba hadi sikukuu, hivyo baadhi ya watu wa ghalani hupewa magari kwa msimu. Msimu ukiisha, kila mtu anarudi kwenye nafasi yake. Alimwambia mama yake "naendesha gari la kazini", na mama akasikia alichotamani kusikia kwa miaka 3.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu najua wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana kijana ughaibuni anayefanya kazi hizo. Wengine mko huko huko, mnasoma kwenye simu mkisubiri zamu ianze. Swali ni lile lile kila familia: utakuwa dereva lini?

Nichukue mfano wa UPS, kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa kwenye mkataba na chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Mkataba wa sasa ulipitishwa Agosti 2023, unahusu wafanyakazi wapatao 340,000 na utaisha Julai 2028. Anayeingia ghalani kwa kazi ya muda hulipwa kuanzia dola 21 kwa saa, lakini saa anazohakikishiwa kwa siku ni 3 na nusu tu. Piga hesabu ya siku 5: ni dola 367 na nusu kwa wiki, kabla ya kodi. Dereva aliyefika ngazi ya juu anatarajiwa kufikia wastani wa dola 49 kwa saa mwishoni mwa mkataba huo, na anafanya kazi siku nzima. Ndiyo maana watu wanangoja. Wanangoja pia kwa sababu hata huyo wa saa 3 na nusu, baada ya kipindi fulani kazini, hupata bima ya afya yeye na familia yake. Kwa nchi ambayo usiku mmoja hospitalini unaweza kukuachia deni la miaka, bima hiyo si jambo dogo.

Foleni yenyewe haiendi kwa bidii wala kwa kujuana. Inaenda kwa tarehe uliyoajiriwa, katika jengo lile lile unalofanyia kazi. Nafasi ya udereva ikitokea, tangazo linabandikwa, wanaoitaka wanasaini, na mwenye tarehe ya zamani zaidi anaitwa kwanza. Usiposaini, umepitwa. Kwa hiyo hakuna idadi moja ya miaka. Kuna majengo ambayo mtu anaitwa baada ya miezi michache kwa kuwa biashara inakua na wazee wanastaafu. Kwingine watu wanangoja miaka 5, na wapo waliovuka 10. Hata baada ya kuitwa, kuna mafunzo, kuna kipindi cha majaribio, halafu dereva mpya hupanda ngazi za mshahara kwa miaka 4 kabla ya kuifikia ile ya juu.

Foleni inaweza pia kusimama kabisa. Aprili 2025 UPS ilitangaza kwamba mwaka huo ingepunguza ajira zipatazo 20,000 na kufunga majengo 73, sababu mojawapo ikiwa ni uamuzi wa kupunguza mizigo ya Amazon inayoibeba. Jengo likifungwa au mizigo ikipungua, hata aliyekuwa wa pili kwenye orodha anaweza kukaa pale pale muda mrefu.

Shangazi aliwahi kumshauri binamu ahamie Texas, maana alisikia huko kazi zipo nyingi. Mimi mwenyewe niliona ni ushauri mzuri, hadi binamu aliponieleza kwamba akihama kwa hiari yake anaanza mwisho wa foleni. Na huko Amazon, ambako magari yamejaa kila mtaa? Madereva wake wengi wameajiriwa na kampuni ndogo zenye kandarasi. Hakuna kungoja miaka, lakini hizo ni kazi za mwajiri mwingine na mshahara wake kwa kawaida uko chini.

Sasa nije kwenye eneo langu, yaani afya, maana ndiko binamu alikokwama.

Yeye yupo Columbus, Ohio, kwenye kampuni yenye utaratibu kama huo. Kwa miaka 5 ameingia zamu saa 5 usiku na kutoka saa 9 na nusu. Kwa kuwa saa hizo chache hazitoshi kodi ya nyumba, wala fedha za kutuma nyumbani, saa 2 asubuhi anaingia kazi ya pili dukani hadi mchana. Alikuwa analala kipande asubuhi na kipande jioni, na vyote kwa pamoja havikufika saa 5. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka kazi ya zamu ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ila kinachowahi kujitokeza kwa wengi ni presha.

Mwezi uliopita jina lake liliitwa. Miaka 5! Akapelekwa kwa daktari, kwa sababu dereva wa magari ya ukubwa huo lazima awe na cheti cha afya kwa kanuni za shirikisho. Wanapima macho, sukari kwenye mkojo, usikivu na presha. Presha ikiwa chini ya 140 kwa 90 unaweza kupewa cheti cha miaka 2. Ikifika 180 kwa 110 hupewi hadi ishuke. Yake ilikuwa 164 kwa 102. Akapewa cheti cha miezi 3, cha mara moja tu, na akirudi inatakiwa iwe imeshuka hadi 140 kwa 90 ndipo apewe cha mwaka mmoja.

Hakuwahi kupima tangu aajiriwe, na bima alikuwa nayo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliogopa kwamba akianza dawa atanyimwa udereva. Hofu hii nimeikuta hata kwa madereva wa malori hapa kwetu, na kwa kanuni za kule haina msingi: mtu anayetumia dawa na presha yake imetulia huruhusiwa kuendesha. Anayezuiwa ni yule ambaye presha iko juu.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa nyumbani tumelichangia. Akitoka kazini saa 9 na nusu usiku, hapa kwetu ni saa 4 na nusu asubuhi, na wakati wa baridi yao ni saa 5 na nusu. Muda huo ndio shangazi ameshamaliza kazi zake, ameshika simu. Anampigia "kumjulia hali", na mazungumzo yanaishia kwenye rejesho la vikoba. Ule usingizi mfupi wa kabla ya dukani ukawa unaliwa na sisi. Tumekubaliana simu zote ziwe baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ambapo kule ni mchana na yeye yuko macho.

Nimemwomba shangazi pia aache swali la "lini". Aulize: wangapi wako mbele yako, na mwaka jana waliitwa wangapi? Kama mbele yako 24 na kwa mwaka wanaitwa 4, hiyo ni miaka 6, na mkopo wa paa hauwezi kusubiri miaka 6. Orodha ipo kazini, kijana anaweza kuiona. Jibu linaweza kuuma, lakini familia inapanga ada na ujenzi kwa fedha ya ghalani inayoonekana.

Mafunzo ya binamu yanaanza mwezi ujao. Kazi ya dukani ameiacha, anatumia dawa, amepunguza tambi za pakiti zenye chumvi nyingi na anabeba chakula cha nyumbani. Juzi alipima kwenye mashine ya duka la dawa akanitumia picha. 146 kwa 92. Bado.