Alama za Shule na Ujuzi wa Kazi

Ndugu wafanyakazi wa afya wa Kitui na Makueni,

Maneno yamezuka tena katika zahanati zetu, nayo yanatutenga bure. Vijana wasema wazee hawana alama. Wazee wasema vijana hawana mikono. Chama kinapenda kusema wazi juu ya jambo hili, maana sisi tukibishana, anayefaidika ni mwajiri.

Kwanza, alama zina haki yake. Anayetaka stashahada ya uuguzi katika vyuo vya KMTC, kikiwamo cha Kitui na cha Makueni, hutakiwa kuwa na wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne. Hatuombi mlango huo uvunjwe. Dawa hupimwa kwa hesabu, na mtoto wa kilo 8 hapewi dawa kwa kukisia. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyesoma.

Lakini mtihani huo hufanywa kwa majuma machache, mtu akiwa bado kijana. Kazi humpima mtu kila siku. Angalieni kala-azar, iliyotesa Kitui vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitabu kitataja homa ndefu, kukonda na kuvimba kwa bandama. Mhudumu aliyezoea, akiona mtoto amemaliza dawa ya malaria na homa haikatiki, humpapasa tumbo, kisha huuliza kama karibu na nyumba kuna vichuguu, kwa kuwa usubi anayeeneza ugonjwa huo hukaa humo.

Angalieni pia aliyeumwa na nyoka. Mzoefu hutia damu kidogo katika chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, akaiacha dakika 20 bila kuigusa, kisha akaiinamisha. Damu ikiwa haijaganda, ajua kwamba sumu imeiharibu. Kungoja dakika hizo kwa utulivu, huku jamaa wa mgonjwa wanalia mlangoni, hujifunzwa kazini.

Je, elimu hiyo ihesabiwe wapi? Njia ilikwisha kuonekana. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo kwa kompyuta, ili wauguzi wenye cheti wapande hadi stashahada bila kuacha kazi. Walisoma huku wakihudumu, na mtihani wa Baraza haukusamehewa. Basi ujuzi na mtihani vilikaa nyumba moja bila ugomvi.

Na wenzetu wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba? Mwaka 2023 Serikali iliwagawia mikoba ya vifaa, wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni jambo jema, lakini posho si ngazi. Mama aliyetembea vilima vya Mbooni miaka kumi, akipeleka wajawazito kliniki, ni nani atakayeihesabu miaka hiyo siku anapoomba nafasi chuoni?

Kwa hiyo twadai mambo matatu kwa kaunti zote mbili, ambazo zinasimamia hospitali na zahanati zetu tangu mwaka 2013. Moja, kila mfanyakazi awe na kitabu cha kazi, kionyeshe aliyoyafanya, kitiwe sahihi na msimamizi wake. Pili, kitabu hicho kihesabiwe wakati wa kupandisha vyeo na wa kuchagua watakaokwenda masomoni. Tatu, anayekwenda masomoni asikatwe mshahara wala asipoteze nafasi yake.

Kijana mwenye stashahada, simama kando ya mzee utazame mikono yake inavyofanya. Mzee, usione haya kumwuliza kijana habari za dawa mpya. Kisha njoni wote wawili katika mkutano wa tawi, kwa maana madai haya yakipelekwa na nusu ya wafanyakazi yatajibiwa nusu.

Umoja ni nguvu.