Mashine Isiyojua Kusema "Sijui"

Imekuwa ada siku hizi, somo la kompyuta linapofikia mashine zinazojifunza, mwalimu kufungua kivinjari, kuelekeza kamera kwenye kiti au paka, na kuwaacha watoto washangilie mashine inapotaja jina. Sisi hatuoni kwamba mshangao huo ni somo.

Chombo chenyewe hatukilaumu. Kwa TensorFlow.js, iliyotolewa mwaka 2018, mashine za namna hii huweza kufanya kazi ndani ya kivinjari kwa lugha ya JavaScript. Mafaili yake yakishapakuliwa, picha ya mtoto haina haja ya kutoka katika kompyuta ya darasa, na mtandao ukikatika kazi yaendelea. Kwa skuli zetu hiyo ni neema.

Lakini mashine itumiwayo mara nyingi, MobileNet, huja imekwisha fundishwa majina 1,000 ya vitu. Ndizi imo, nanasi limo, fenesi limo, hata tufaha la kijani liitwalo Granny Smith limo, embe halimo. Basi mtoto wa Kiembe Samaki (mtaa ambao jina lake lenyewe lataja kiembe) akiweka boribo mbele ya kamera, mashine haitasema "sijui". Hesabu yake ya mwisho huugawa uhakika baina ya majina yale 1,000 hata jumla itimie 1, na jina mojawapo halina budi kuongoza. Mtoto aliyezoea kushangilia atadhani kosa ni la embe lake.

Kwa hiyo twashauri somo lianzie sakafuni, kwa chaki. Mwalimu achore mistari miwili, mmoja wa urefu, mmoja wa uzito. Watoto wapime maembe, boribo na dodo, na kila moja walitie mahali pake. Hapo wamekwisha tenda kazi ya kitendakazi cha kwanza, tukiite "ongezaMfano". Kitendakazi ni amri zilizofungwa pamoja zikapewa jina: hupokea kitu na kurudisha kitu, kama kinu kipokeavyo nafaka na kutoa unga; na JavaScript haimkatazi mwalimu kukipa jina la Kiswahili. Kisha liletwe embe jipya, lipimwe, na watazamwe majirani watatu walio karibu nalo. Wawili wakiwa dodo, liitwe dodo. Hiki ni "bashiri". Kivinjarini kazi ni hiyohiyo, ila badala ya namba mbili, MobileNet huitoa picha namba nyingi mno.

Sasa iletwe ndimu. Itaangukia mbali na wote, na majirani wake bado watapiga kura! Watoto wenyewe watadai kitendakazi cha tatu, kirudishacho "sijui" jirani akiwa mbali kupita kiasi. Kiasi gani? Wabishane, ubishi huo una thamani kuliko kipindi kizima cha kushangilia.

Wako watakaosema darasa ni kubwa na kompyuta ni moja. Sakafu haihitaji kompyuta, nayo kompyuta hiyo moja yatosha kwa kipindi cha mwisho.

Katika kipindi hicho, picha zote za boribo zikipigwa juu ya mkeka na zote za dodo juu ya saruji, mashine yaweza kujifunza mkeka ikaliacha embe. Mwalimu asiharakie kulisahihisha kosa hilo. Awaache watoto wauweke mkeka mtupu mbele ya kamera, waone utaitwaje.