Giaboksi ya Otomatiki Si Uchawi

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kama wiki tatu, na wengine mmeuliza kama nimerudi Bongo kimyakimya. Sijarudi. Nilikuwa uvunguni mwa gari. Leo nimetoka na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi Waswahili wa ughaibuni.

Nina pikapu ya mwaka 2004, otomatiki ya gia nne. Hapa Houston naitumia wikiendi kubebea samani za watu wanaohama, na hela hiyo ndiyo ada ya mdogo wangu aliyeko chuoni Morogoro. Mwezi uliopita ikaanza kuondoka kwenye taa kama mzee anayepanda mlima na gunia la mkaa. Injini inalia, gari haliendi. Ikishachanganya mwendo, inateleza barabarani kama haijawahi kuumwa.

Nikaipeleka gereji. Jamaa akazunguka nayo mtaa mmoja, akarudi na hukumu: giaboksi imekufa, nyingine ni dola 3,400 pamoja na kazi. Nikamwuliza, imekufa nini ndani yake? Akasema otomatiki haifunguliwi, inabadilishwa yote.

Jamani! Daktari gani huyo anayetaka kukata mguu kabla ya kuvua kiatu?

Lakini wengi wetu hapo tungelipa. Nawajua waliolipa, tena kwa kadi ya mkopo, na riba juu. Kwa nini? Kwa sababu tumeaminishwa kwamba otomatiki ni sanduku la uchawi. Si kitu cha jana hiki! Hydra-Matic, otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ilitoka na magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika Vita Kuu ya Pili ikafungwa hadi kwenye vifaru vya M5 Stuart. Vijana wa jeshi waliihudumia kwenye matope, sisi wenye simu janja mfukoni tunaiogopa.

Basi nikafanya ambacho gereji haikufanya. Magari yote madogo yanayouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana tundu chini ya dashibodi la kuchomeka kifaa cha kusomea hitilafu. Nikaazima kifaa kwa rafiki, kikaniandikia P0758. Maana yake: hitilafu ya umeme kwenye solenoidi B ya kubadilishia gia. Nikaingia maktaba ya umma, ambako kwa kadi ya bure unasoma vitabu vya ufundi wa magari, nikaelewa.

Ndani ya giaboksi kama yangu kuna solenoidi mbili zinazoamua gia. Ni kama vijibomba vya umeme: kinafungua njia ya oili au kinaifunga. Viwili hivyo vina mipangilio minne, ndiyo gia zako nne. B ikikosa umeme, namba moja na namba mbili zinapotea, gari inaondoka na namba tatu. Aliyewahi kukosea akaondoa gari la manyuo na namba tatu anajua linavyogoma. Ndiyo mzee wangu na gunia lake!

Nikapima waya na plagi za nje, nzima. Nikafungua sampu. Zilitoka kama lita 5 tu za oili, maana nyingi hubaki ndani ya konveta. Kwenye sumaku ya sampu nikakuta matope laini ya kijivu, ambayo ni uchakavu wa kawaida. Hakukuwa na vipande vya chuma wala mabaki ya klachi, na oili haikunuka kuungua. Yaani "maiti" ilikuwa inapumua. Nikatoa filta, nikachomoa solenoidi, nikaweka mpya. Solenoidi dola 28, filta na gasketi 24, oili 41. Jumla dola 93. Jumamosi moja. Jumapili nikabeba makochi ya mtu.

Sasa ugomvi wenyewe. Nikasimulia haya kwenye sherehe ya watu wetu, shemeji yangu mmoja akacheka mbele ya watu: "Shem, na digrii yako unalala chini ya gari? Maisha yamekupiga hivyo?" Na watu wakacheka.

Nilinyamaza siku ile kwa heshima ya wenyeji. Leo sinyamazi. Nyumbani tulikuwa na anasa ya kumdharau fundi kwa sababu fundi alikuwa karibu na bei yake nafuu. Ukitoka Gerezani gari limepona, mikono yako misafi, na bado unamwita "huyo fundi" kana kwamba akili ni za ofisini tu. Huku saa moja ya fundi inalipwa pesa nyingi kuliko saa moja ya wengi wetu wenye digrii. Tumekuja na dharau, fundi tumemwacha Gerezani. Hiyo dharau ndiyo tunayoilipia dola 3,400.

Najua mtakayosema. Ni hatari? Kweli, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; weka stendi za chuma na uzuie magurudumu. Apatimenti hairuhusu? Hata yangu hairuhusu, niliomba uwanja wa rafiki. Na kama klachi zimeungua, giaboksi lazima ishushwe, ina zaidi ya kilo 60, hapo nami ningemwita fundi na kumlipa bila kinyongo. Sisemi kila mtu afungue giaboksi yake.

Nasema usisaini karatasi kabla ya kuuliza mambo matatu: kifaa kimesoma hitilafu gani? Oili ina hali gani? Ndani ya sampu kumekutwa nini? Asiyeweza kukujibu hajapima gari, amepima mfuko wako.

Ada ya Morogoro imeshatumwa. Shemeji, ukisoma hapa, gari lako likigoma njoo, spana ninazo. Wanaobisha, karibuni, ila njooni na hoja.