Onyo na Wino Mwekundu

Mwaka 1978 Stephen Johnson, mtaalamu wa Bell Labs nchini Marekani, alitunga programu iitwayo lint. Kazi yake ilikuwa kupitia maagizo ya lugha ya C na kutaja mistari ya kutiliwa shaka, hata ile ambayo kompyuta ingeipokea bila kinyongo.

Programu za jamii hiyo leo hutia alama kwenye skrini mtunzi angali akiandika, na nyingine hupita kiasi. Mwalimu yeyote anajua: daftari lililojaa wino mwekundu hufunikwa upesi, halisomwi. Onyo halina budi kupigiwa mstari chini ya herufi zile zile zenye shaka, pamoja na sababu yake. Tena litofautiane na kosa halisi kwa umbo, si kwa rangi tu, kwani wako watu, hasa wanaume, wasiopambanua nyekundu na kijani.

Februari 2014 kampuni ya Apple ilisahihisha programu zake kwa sababu agizo moja, «goto fail», liliandikwa mara mbili mfululizo. La pili liliruka ukaguzi wa sahihi unaolinda mawasiliano, na mistari iliyofuata haikuweza kufikiwa kamwe. Hapo ndipo alama ilipohitajiwa.