NISHANI YA PANAMA: NANI ALIPEWA, NANI ALISAHAULIWA?

Kuna mtindo uliozoeleka katika makampuni makubwa. Kampuni ikitimiza miaka mingi, au ikimaliza kazi kubwa, Bwana Mkubwa huwakusanya watu, hutoa hotuba ndefu, kisha hugawa sarafu ya ukumbusho iliyopigwa kwa ajili ya jambo lile tu. Sarafu hiyo haiwezi kununua kibaba cha unga. Lakini aliyepewa huiweka kabatini, akifa wanawe huirithi, na miaka ikipita wakusanyaji wa sarafu huitafuta kwa bei kubwa kwa kuwa imekuwa adimu.

Sisi hatuna ugomvi na sarafu hizo. Mtu aliyefanya kazi vizuri yafaa ashukuriwe. Swali letu ni moja tu: inapogawiwa sarafu ya shukrani, nani yumo katika orodha na nani hayumo? Kwa kulijibu swali hilo twataka wasomaji wetu watazame habari za Mfereji wa Panama.

Mfereji huo ulianza kuchimbwa na kampuni ya Kifaransa mwaka 1881, chini ya Ferdinand de Lesseps, yule yule aliyechimba Mfereji wa Suez. Homa ya manjano na malaria ziliwaua watu kwa maelfu, fedha zikaisha, na mwaka 1889 kampuni ikaanguka. Mitambo yake ikaachwa porini ikila kutu. Mwaka 1904 Serikali ya Marekani ikaichukua kazi ile.

Mwezi wa Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda mwenyewe Panama kuitazama kazi. Aliwaona watu matopeni, mvua ikiwanyea, akawaahidi kwamba watapewa alama ya ukumbusho, kama askari waliopigana vita vikubwa wanavyopewa nishani. Ahadi ni deni, na deni hilo lililipwa. Shaba na bati zilikusanywa kutoka katika mitambo iliyoachwa na Wafaransa, zikapelekwa Marekani katika kiwanda cha kupigia sarafu cha Philadelphia. Huko ikapigwa nishani ya mviringo mfano wa sarafu kubwa, yenye sura ya Roosevelt upande mmoja na mandhari ya mfereji upande wa pili, pamoja na nafasi ya kuandika jina la mwenyewe na miaka ya utumishi wake. Kila moja ilikuwa na namba yake. Zilitolewa zaidi ya 7,000, na leo ni kitu cha fahari kwa yeyote aliye nayo.

Sasa na tuisome sharti yake. Nishani ile ilitolewa kwa mtumishi wa Kamisheni ya Mfereji au wa Kampuni ya Reli ya Panama aliyetumika miaka miwili, mradi awe raia wa Marekani. Tazameni ujanja wa neno hilo moja! Halikutaja rangi ya mtu hata kidogo. Lakini nani hasa aliyekuwa akiuchimba mfereji?

Mwaka 1913 watu waliokuwa kazini walipita 40,000. Sehemu kubwa yao walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa waliotekwa Afrika, waliotoka katika visiwa vya Barbados, Jamaica, Martinique, Guadeloupe na vinginevyo. Kisiwa kidogo cha Barbados, chenye watu wapatao 200,000 tu, kilitoa vibarua wa mkataba karibu 20,000. Walikuwako pia Wahispania kwa maelfu. Hao ndio walioshika sururu na koleo, waliobeba masanduku ya baruti, waliosimama majini mpaka kiunoni. Na hao wote hawakuwa raia wa Marekani.

Kabla hata ya nishani kupigwa, watu hao walikwisha tengwa kwa sarafu. Kulikuwa na madaftari mawili ya mishahara. La kwanza liliitwa Daftari la Dhahabu, na walioandikwa humo, ambao karibu wote walikuwa Wamarekani weupe, walilipwa kwa dola za dhahabu. La pili liliitwa Daftari la Fedha, na waliomo walilipwa kwa sarafu za fedha za Panama. Mtu wa dhahabu alipewa nyumba bure, likizo yenye malipo, na ruhusa ya ugonjwa bila kukatwa mshahara. Kibarua mweusi wa Daftari la Fedha alipata senti 10 za Kimarekani kwa saa, kwa siku ya saa kumi. Posta ilikuwa na dirisha la dhahabu na dirisha la fedha. Duka vivyo hivyo, hospitali vivyo hivyo, shule vivyo hivyo. Mtu alijua thamani yake mbele ya Serikali ile kwa kutazama madini ya sarafu iliyotiwa kiganjani mwake!

Kifo nacho kilikuwa na madaftari yake. Katika miaka ya Wamarekani walikufa kwa ajali na maradhi watu 5,609 kwa hesabu yao wenyewe. Kati yao kadiri ya 4,500 walikuwa watu weusi. Wamarekani weupe waliokufa walikadiriwa kuwa 350 hivi. Tarehe 12 Desemba, 1908 baruti ililipuka kabla ya wakati wake mahali paitwapo Bas Obispo, ikaua watu 23 kwa mara moja. Basi ikiwa nishani ilikusudiwa kuwa kama nishani ya vita, twauliza: ni jeshi gani lile ambalo wapiganaji wake wengi hufa bila kuhesabiwa kuwa askari?

Wako watakaosema kwamba wale watu walikwenda kwa hiari yao, wakalipwa mshahara waliokubaliana, na tena ulizidi ule waliokuwa wakipata katika mashamba ya miwa kwao. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi. Fedha ya Panama iliwajengea wengi nyumba huko Barbados. Lakini mtu kuikimbia njaa ya kwao si hati ya kumdhulumu ugenini. Na kama mkataba ndio kipimo, basi hata Mmarekani alikuwa na mkataba wake na mshahara wake mnono, na bado alipewa nishani juu yake. Shukrani haimo katika mkataba. Ndiyo maana humfichua mwenye kuitoa, ukamjua anamhesabu nani kuwa mtu.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti, 1914, na maelfu ya vibarua wakaachishwa kazi. Waliobakia walipogoma Februari 1920, wakiongozwa na William Stoute, mwalimu kutoka Barbados, walifukuzwa katika nyumba za mfereji na mgomo ukavunjwa. Ilikuwa mwaka 1937 ndipo Marekani ilipotunga sheria ya kuwasaidia wazee wa Daftari la Fedha waliochakaa: dola 1 kwa mwezi kwa kila mwaka waliotumika, na isizidi dola 25. Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa sana habari hizi. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua wa Kihindi zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Na wazee wetu waliotumika chini ya mkoloni wazikumbuka ngazi tatu za mishahara: ya Mzungu, ya Mhindi, na ya Mwafrika, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Majina ya madaftari hubadilika, kalamu huwa ni moja.

Lakini yafaa pia tujue jinsi mambo yalivyogeuka. Mkataba wa mwaka 1955 kati ya Panama na Marekani uliahidi kima kimoja cha mshahara. Mwaka 1963 chama cha historia cha huko kiliwaomba wazee wasio Wamarekani waandike waliyoyaona, nao wakaandika habari za homa, za baruti, na za wenzao waliofukiwa na udongo. Mwaka 1980 likafunguliwa Panama jumba la makumbusho la watu hao weusi. Na tarehe 31 Desemba, 1999 mfereji wenyewe ukakabidhiwa kwa nchi ya Panama. Hayo yote yalipatikana kwa kudai. Hakuna hata moja lililoletwa sahanini.

Kwa hiyo twawaambia wafanya kazi wa leo: kampuni ikitoa sarafu ya ukumbusho, ipokeeni kwa heshima, na siku hiyo hiyo iulizeni maswali matatu. Je, mfagiaji, mlinzi na kibarua aliyeletwa na wakala wamo katika orodha? Je, aliyekatwa mkono na mashine amelipwa fidia yake? Je, mzee anayestaafu mwezi ujao anayo pensheni ya kumtosha chakula? Vyama vya wafanya kazi visiyaache maswali haya yaulizwe na mtu mmoja mmoja, maana mmoja hutishwa akanyamaza. Orodha ya majina na idaiwe mapema, kabla ya sarafu kupigwa, na jina lisilokuwamo liingizwe.